Kutoka Ghala za Chicago Hadi Mega za Lubumbashi: Nani Anashika Mizani?

Kila mara bei ya mega inapanda, mabishano kati yetu ni yale yale. Wamoja wanasema serikali ipige meza, iandike bei, makampuni yatii. Wengine, zaidi wale waliosoma uchumi, wanajibu kwamba serikali ikigusa bei ya kitu, kitu kinapotea sokoni. Mimi nilisoma agronomi, si uchumi wala mambo ya telekomu. Lakini mtu wa kilimo hawezi kukimbia habari ya bei: bei ya mahindi, bei ya pamba, bei ya mbolea. Na nilipoanza kutafuta ni wapi lilitoka wazo hili la serikali kumwambia mwenye kampuni «bei yako isipite hapa», nilikuta kwamba kesi kubwa ambayo wanasheria wanairudia hadi leo haikuwa ya simu. Ilikuwa ya nafaka. Njo maana nimejipa ruhusa ya kuandika.

Twende kwanza Chicago, Marekani, miaka ya 1860. Wakulima wa Illinois, Iowa na Wisconsin wanalima ngano na mahindi, reli inabeba, mavuno yanaingia Chicago ili yapakiwe kwenda mashariki. Kati ya reli na maji kuna ghala ndefu sana. Ndani yake kuna mashine yenye ndoo nyingi, inavuta nafaka juu na kuimwaga katika visima vya mbao. Mkulima hana njia ya kupita pembeni. Nafaka yake inaingia humo, inachanganywa na ya wengine, na yeye anapewa karatasi inayosema: uko na busheli kadhaa, za daraja fulani. Basi. (Busheli moja ya mahindi ni karibu kilo 25.) Kuanzia siku hiyo mali yake ni ile karatasi.

Karatasi za mahakama zinahesabu, kwa mwaka 1874, ghala 14 za namna hiyo mjini Chicago, zikiwa mikononi mwa makampuni 9. Kila mwaka wenye ghala walipatana bei ya kuhifadhi, kisha wakaitangaza gazetini. Hawakuficha kitu. Kwa nini wafiche, kama mkulima hana pengine pa kwenda?

Sasa sikilizeni vizuri, juu hapa njo moyo wa habari yangu. Malalamiko hayakuwa juu ya bei peke yake. Yalikuwa juu ya mizani. Mwenye ghala njo alipima. Yeye njo alisema kama ngano yako ni daraja la 1 au la 2. Na yeye peke yake alijua ndani ya visima mna nafaka kiasi gani. Hata wafanyabiashara wakubwa wa Chicago, watu ambao hawakuwa na huruma nyingi kwa mkulima, walichoka, maana walinunua na kuuza karatasi bila kujua kama nafaka yenyewe iko. Tunapenda kusimulia hadithi hii kama ya wakulima maskini dhidi ya matajiri, pamoja na chama chao cha Grange kilichoanzishwa 1867. Kweli wakulima walipiga kelele. Lakini sheria ilipita pia kwa sababu matajiri wengine walikuwa wanaibiwa.

Mwaka 1870 Illinois iliandika katiba mpya na kuweka ndani yake sehemu nzima juu ya ghala za nafaka. Mwaka 1871 ikafuata sheria. Bei ya juu kabisa: senti 2 kwa busheli kwa siku 30 za kwanza, kisha nusu senti kwa kila siku 15 zinazofuata. Watu wengi wanaishia hapo. Sheria ile ile ilisema pia kwamba mwenye ghala lazima achukue ruhusa, atoe hesabu ya nafaka iliyo ndani, na kwamba daraja la nafaka litakaguliwa na mkaguzi wa serikali, si na mtu wa ghala. Bei na mizani vilitembea pamoja.

Kampuni moja, ya Ira Munn na George Scott, ilikataa. Ikapigwa amande ya dola 100. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ikakatwa mwaka 1877, majaji 7 kwa 2. Jaji mkuu Morrison Waite alifufua wazo la mwanasheria wa Uingereza wa karne ya 17, Matthew Hale, aliyeandika juu ya bandari na vivuko: mtu akiwa na mali ambayo watu wote wanalazimika kupitia kwake, mali hiyo haibaki yake peke yake, watu nao wako na neno ndani yake. Jaji Stephen Field alikataa. Aliona kwamba kwa mlango huo hakuna mali ya mtu itakayokuwa salama mbele ya wabunge walio wengi. Mimi simcheki Field. Katika nchi ambayo biashara za watu zilichukuliwa kwa tangazo la Zairianisation mwaka 1973, hofu yake ina nyama.

Kuhusu Munn na Scott wenyewe, kesi ilipokatwa walikuwa wamefilisika zamani, tangu 1872, baada ya kugundulika kwamba karatasi zao zilikuwa na nafaka nyingi kuliko ghala zao. Mizani, tena.

Turudi sasa kwetu, maana sisi pia tuko na historia ya serikali kupanga bei, na si ya kujivunia. Mwaka 1917 utawala wa Wabelgiji ulijipa uwezo wa kulazimisha kilimo. Mwaka 1921 nchi za pamba zikagawanywa kwa kanda: kila kampuni ilipewa kanda yake, na mkulima wa kanda ile alipaswa kuuza pamba kwa kampuni hiyo tu, kwa bei iliyopitishwa na utawala. Kubwa kati yao ilikuwa Cotonco, iliyoanza 1920. Babu zetu wa kaskazini ya Katanga, wa Maniema, wa Uele, wanaijua hiyo pamba. Wengine waliihama kwa kukimbilia porini.

Linganisheni. Mlango mmoja, hakuna pa kupita pembeni, serikali inapanga bei. Kwa macho ni kama Illinois. Lakini matokeo yakageuka chini juu. Juu ya nini? Kwanza, siku ya soko mizani ilikuwa ya kampuni. Pili, serikali iliyopanga bei ilikuwa inaitaka ile pamba kwa ajili ya viwanda vya Ubelgiji, na takse ilimsukuma mkulima kuuza hata kama bei ni ya aibu. Tatu, mkulima hakuwa na gazeti, hakuwa na mbunge, hakuwa na kesi ya kupandisha. Alikuwa na fimbo karibu na mgongo. Kwa hiyo mtu akiniambia «serikali ipange bei ya intaneti», namuuliza kwanza: serikali yenye faida gani ndani yake, na nani atapima?

Kutoka nafaka wazo likaingia kwenye reli, kisha kwenye simu. Marekani iliiweka simu chini ya tume ya reli mwaka 1910, na mwaka 1934 ikaunda tume ya mawasiliano, FCC. Sitakaa sana huko. Njia yao ya zamani ilikuwa kumwambia mwenye kampuni: leta hesabu ya gharama zako, tutakuongezea faida ya haki juu yake. Kila mmoja aliyewahi kufanya budjeti ya projet anaona ugonjwa hapo. Ukilipwa kwa kufuata gharama, utapenda gharama.

Waingereza walijaribu kingine. Walipouza British Telecom mwaka 1984, profesa Stephen Littlechild alishauri serikali isihesabu faida, ifunge bei tu: kupanda kwa bei za vitu nchini, toa 3. Kama vitu vyote vimepanda 5 kwa mia, BT inapandisha kapu lake 2 tu. Ikijua kubana matumizi zaidi, faida ni yake. Ile 3 ikakuwa 4.5, kisha 6.25, kisha 7.5 katika miaka ya 1990. Mwaka 2006 kufuli hiyo ya bei ya mteja ikaondolewa. Si kwamba serikali ilichoka. Ni kwamba wakati ule makampuni mengine yalikuwa yanaweza kukodi waya wa BT unaoingia katika nyumba ya mtu, kwa bei iliyosimamiwa, na kumuuzia mteja yule yule. Serikali ilihamisha mkono wake: kutoka bei anayolipa mteja, kwenda bei ambayo kampuni moja inailipa nyingine ili ipite mlangoni.

Nguvu ya mkono huo ilionekana vizuri kwa jirani zetu wa Kenya, ingawa pale ilikuwa simu za sauti. Ukipigia mtu wa rezo nyingine, kampuni yako inailipa kampuni yake. Mwaka 2010 tume ya mawasiliano ya Kenya ilishusha malipo hayo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Bei ya mteja haikuiandika. Mwezi wa nane mwaka ule ule Zain ikashusha simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na wengine wakalazimika kufuata. Mwaka 2011 hatua iliyokuwa inafuata ikasimamishwa, baada ya malalamiko kupanda hadi juu. Serikali ya Kenya yenyewe ilikuwa na asilimia 35 ya Safaricom. Kumbukeni pamba.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Afrika Kusini, juu ni intaneti ya simu, watu wananunua kidogo kidogo kabla ya kutumia kama sisi, na Vodacom tunaijua. Mwaka 2016 vijana wa kule walianzisha kelele ya #DataMustFall, yaani bei ya data lazima ianguke. Mwezi wa nane 2017 Tume ya Ushindani ikafungua uchunguzi. Ulichukua zaidi ya miaka miwili. Ripoti ya mwisho ilitoka tarehe 2 Desemba 2019. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa chini akapima, si ya waziri aliyekasirika mbele ya kamera.

Na kitu kikubwa walichokiona ni hiki: anayenunua mega kidogo analipa kwa kila mega bei ya juu sana kuliko anayenunua giga nyingi. Maskini njo anamsaidia tajiri kulipa. Wenzangu watasema ni kawaida, hata sukari ukinunua kwa kijiko inatoka ghali kuliko mfuko mzima. Sawa. Lakini ukinunua kijiko cha sukari unamlipa mama aliyekaa akafunga sashe moja moja. Mega haifungwi na mtu. Kukuuzia mega 50 au giga 5 ni ujumbe ule ule unaotoka kwenye mashine ile ile. Bado kuna gharama ndogo za kuuza, sikatai, ila si za kuzidisha bei mara nyingi hivyo.

Tume ikataka Vodacom na MTN washushe bei za forfe za mwezi kwa 30 hadi 50 kwa mia, ama sivyo itawapeleka mbele ya mahakama ya ushindani. Vodacom ikakubali kuandikiana: kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, giga 1 ya siku 30 ilishuka kutoka randi 149 hadi 99. MTN nayo ikashusha. Hakuna waziri aliyeandika bei kwenye karatasi. Ila makampuni nayo yalikuwa na neno la kweli katika kujitetea: yalisema serikali haijatoa njia mpya za hewani, masafa, kwa zaidi ya miaka 10, kwa hiyo yanalazimika kujenga antene nyingi zaidi. Mnada wa masafa ulikuja tu mwezi wa tatu 2022, na ukaiingizia serikali zaidi ya randi bilioni 14. Serikali iliyodai bei ishuke ilikuwa yenyewe imekalia sababu mojawapo ya bei kupanda.

Na sisi? Simu ya mkononi ilifika Kinshasa mapema kuliko vijana wengi wanavyofikiri, kwa Telecel, katikati ya miaka ya 1980. Ilikuwa simu ya mawaziri na wafanyabiashara wakubwa. Watu wa kawaida walingoja hadi miaka ya 2000, makampuni yalipokuwa mengi. Tarehe 16 Oktoba 2002 zikatoka sheria mbili siku moja: namba 013 juu ya telekomu, na namba 014 iliyoanzisha ARPTC, mwamuzi kati ya serikali, makampuni na mteja. Mwaka 2013 kable ya WACS ikaanza kazi kwa upande wetu pale Muanda. Mwezi wa kumi na moja 2020 ikaja sheria mpya, namba 20/017.

Muanda ni pwani yetu, na pwani yetu yote haifiki kilomita 50. Kutoka pale hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,500. Kwa hiyo intaneti ya huku inaingia pia kwa Kasumbalesa kupitia Zambia, njia ile ile ya malori ya mahindi, na wa Goma na Bukavu wanaangalia upande wa Rwanda. Umeme nao unafikia chini ya robo ya Wakongomani, kwa hiyo antene nyingi zinakunywa mazutu usiku na mchana. Nayasema haya ili tusidanganyane: si kila franka katika bei ya mega ni ulafi. Sehemu ni barabara mbaya, sehemu ni mazutu, sehemu ni umbali.

Na sehemu ni Leta. TVA ni 16 kwa mia. Kuna aksize juu ya mawasiliano. Kuna malipo ya ruhusa na ya masafa. Kisha mwaka 2020 ikaja RAM. Mnaikumbuka. Dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na kupanda, na ilikatwa moja kwa moja katika unite zako. Unaweka unite, unageuka kumsalimia mtu, unite zimepungua. Bungeni walipigana juu yake, watu waliandamana, na mwanzoni mwa 2022 ikaondolewa. Mimi naona iliondoka kwa sababu moja: ilionekana. Mtu aliiona ikitoka katika simu yake. Takse zingine zote zimejificha ndani ya bei, na hakuna anayeandamana dhidi ya kitu asichokiona.

Kuna pia jambo la pili kuhusu mkono wa serikali. Tangu tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu siku 20. Makampuni yalipewa amri, yakatii, juu ruhusa yao ya kazi inatoka kwa anayetoa amri. Kila uwezo mpya tunaoipa serikali juu ya makampuni hayo, tukumbuke kwamba unaenda katika mkono ule ule. Hiyo hainifanyi nikatae usimamizi wa bei. Inanifanya nitake uwe mwembamba, ulioandikwa, wenye namba ambazo kila mtu anaweza kuzihakiki.

Kwa nini basi nisiseme tu soko liachwe? Sheria yetu ya tarehe 9 Julai 2018 inasema bei ni huru, ingawa mafuta ya gari bado bei yake inatangazwa na wizara ya uchumi. Nichukue hesabu moja. Tume ya Umoja wa Mataifa juu ya broadband iliweka lengo kwamba, kufikia 2025, intaneti ya msingi isizidi 2 kwa mia ya mapato ya mwezi ya mtu, na msingi huo kwa simu ulihesabiwa giga 2. Mapato ya wastani ya Mkongomani yanazunguka dola 600 kwa mwaka, yaani dola 50 kwa mwezi. 2 kwa mia yake ni dola 1. Giga 2 kwa dola 1. Kila mmoja afungue simu yake aangalie anapata nini kwa dola 1, kwa forfe ya mwezi, si ya usiku. Na kumbukeni kwamba siku hizi kazi inatangazwa kwenye intaneti, dosye inatumwa kwa intaneti, mtihani wa kwanza unafanywa kwa intaneti. Aliyeko Pweto au Manono bila mega hakukataliwa kazi. Hakujua kama kazi ilikuwapo.

Lakini bei ya kuandikwa kwa amri, watu wa Lubumbashi tunaijua matunda yake. Zambia ikifunga mpaka, mfuko wa unga unaruka, wakubwa wanatangaza bei ya lazima, na kesho yake mfuko hauko dukani. Unauzwa nyuma ya duka, kwa bei nyingine. Bukari inakuwa ndogo kwenye sahani.

Intaneti ni tofauti, na tofauti yake inatisha zaidi. Ukilazimisha bei ya mega, mega haipotei dukani. Utaipata, kwa bei ya serikali kabisa. Ila rezo itatembea kama kinyonga. Kampuni itaacha kuongeza antene, itawapanga watu wengi zaidi kwenye njia ile ile, na wewe utalipa bei ya chini kwa ukurasa usiofunguka. Mfuko wa kilo 25 ukiwa na kilo 18 utaona ukiinua. Mega nyepesi utaijuaje? Njo maana kuweka bei bila kupima mwendo wa rezo ni kufanya nusu ya sheria ya 1871, tena ile nusu rahisi.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa. Kwanza mizani: ARPTC ipime mwendo wa rezo mji kwa mji, itoe namba kila mwezi, bei karibu na mwendo. Pili mlango: bei ambayo kampuni moja inalipa nyingine kupita kwenye kable na kwenye minara isimamiwe kwa nguvu na itangazwe, maana huko njo kuna ghala za Chicago za leo. Bei ya mteja iachwe huru, isipokuwa pahali pamoja, forfe ndogo. Hapo naunga mkono dari, na dari yenyewe isihitaji kujua siri za hesabu ya kampuni. Iandikwe hivi: mega moja katika forfe yako ndogo isizidi mara kadhaa bei ya mega moja katika forfe yako kubwa. Kampuni inajipima kwa mizani yake mwenyewe. Najua jibu: watapandisha ile kubwa ili ndogo ipumue. Wajaribu. Wanaonunua forfe kubwa ni ofisi, ni ONG, ni makampuni ya migodi, watu wenye nguvu ya kuhama rezo ndani ya wiki moja. Mwanafunzi anayenunua kwa franka 500 hana nguvu hiyo.

Kuna na hii ya mega kufa saa sita ya usiku. Mimi nimesoma hifadhi ya nafaka. Mahindi tunayawekea muda kwa sababu fukusi wanayala na ukungu unaingia. Mega hazina fukusi. Afrika Kusini, mamlaka ya mawasiliano ICASA ililazimisha tangu 2019 kwamba mteja aweze kusogeza mega zilizobaki mbele au kumpa mwingine. Hiyo haigusi bei hata kidogo, na kwa mtu wa forfe ndogo ni kama kushushiwa bei.

Na takse zionekane. Ukinunua forfe unapata ujumbe: umenunua mega kadhaa, zinaisha tarehe fulani. Iongezwe mistari miwili: kampuni imechukua hivi, serikali imechukua hivi. Kama RAM ilianguka kwa kuonekana, zingine nazo zijaribiwe kwa mwanga huo huo. Zingine zitasimama, maana hospitali na barabara zinalipwa na takse. Lakini tuzione.

Kitu kimoja hakihitaji kungoja Kinshasa. Viongozi wa ARPTC wanateuliwa na Rais, na sijui ni lini watatangaza mwendo wa rezo wa Kalemie. Sisi tuko wengi, tumetawanyika kila teritwari. Katika jaribio la shamba, kipimo kimoja hakina maana. Unarudia mara 3, mara 4, pahali mbalimbali, siku zilezile, kwa njia ileile. Tunaweza kufanya hivyo hivyo: mwezi mzima, saa moja ya asubuhi na saa mbili ya usiku, kila mmoja apime mwendo wa rezo yake kwa programu ileile ya bure, aandike forfe aliyonunua, bei yake, mji wake. Nimetengeneza jedwali tayari. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi niko na watu. Natafuta mtu Kalemie, mmoja Kamina, mmoja Kasenga, na kama kuna aliyeko Moba nitafurahi sana. Andikeni chini hapa rezo unayotumia, si namba ya simu.